Imeandaliwa na Nani

12 Januari

Dada mpendwa,

Kabla ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nataka kuwa wakili kama wewe. Naomba usicheke. Najua mimi ndiye yule ambaye mwalimu akiita majina asubuhi, jirani yangu wa dawati ndiye huniitikia. Lakini nikiosha vyombo, jikoni hakuna mtu, huwa natetea watu. Juzi nilimtetea paka aliyekunywa maziwa ya Mama. Njegere alikuwa hakimu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimfunga paka maisha, halafu akambusu.

Haya, shikamoo Dada. Sisi hatujambo. Nakuandikia barua kwa sababu simu ya Baba inashinda kinyozini, na kinyozini hakuna siri. Mzee Kipara bado anakuja kila Jumamosi kunyolewa nywele asizokuwa nazo. Baba anampaka poda shingoni, wanapiga soga, anaondoka ameridhika. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule. Chumba kimejaa vitambaa vya bluu, hata usingizini tunaviota.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba wa Njegere amekuja. Unamkumbuka mama yake, yule msusi aliyekuwa na chumba kando ya banda la Baba la kunyolea, aliyefariki Njegere akiwa bado ananyonya? Huyu ni kaka yake, dereva wa lori. Wakati ule alikuwa safarini nchi za mbali, akatuma ujumbe tu: mnitunzie. Tumemtunza miaka yote hii. Juzi akaja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Dada, nimekuja kushukuru," akamwambia Mama, "na nimekuja kuomba."

"Shukrani nimezipokea. Ombi ni lipi?"

"Mtoto wa dada yangu. Sasa nina nyumba, nina mke. Nimetulia."

Mama hakuacha kushona. Cherehani ndiyo iliongeza mbio. "Mtoto si mzigo wa lori, wa kushushwa hapa na kupakiwa pale."

"Ndiyo maana sikuja na lori," akasema.

Dada, hakusema kwa ubaya. Lakini wiki iliyofuata tukaletewa wito wa mahakama. Ameomba afanywe mlezi wa Njegere kisheria, na mdaiwa ni Mama. Baba hana wasiwasi hata chembe. Anawaambia wateja, "Mimi nina wakili wa kuzaa mwenyewe. Na waje!" Kesi itatajwa mwezi wa nne, na kabla ya hapo majibu yetu yawe yamefika mahakamani. Njoo utusimamie. Mama naye usiku anamfunika Njegere mara mbili mbili.

Na kama una nafasi, nieleze mahakama zimepangwaje. Kitabu chetu cha uraia kina ukurasa mmoja tu juu ya mahakama, na nusu yake ni picha ya mizani.

Mdogo wako


9 Februari

Kobe wangu,

Marahaba. Sijacheka. Kobe pia hutoa kichwa, tena akishatoa huwa anajua anakokwenda.

Niwie radhi kwa kuchelewa. Ofisi yetu iko juu ya duka la viatu, na mafaili yamepangwa mpaka kwenye ngazi, pande zote mbili. Ukipiga chafya unaangukiwa na kesi ya mtu. Lifti ilikufa kabla sijafika hapa. Bosi anasema iko kwenye matengenezo, nasi tunaitikia kama waumini. Nina afya, nakula, msihangaike. Msalimie Mzee Kipara, mwambie asinyoe sana.

Mahakama. Fikiria jengo la ghorofa. Chini kabisa ni mahakama za mahakimu, zilizotawanyika kila mahali, na ndipo watu wengi huingilia na ndipo wengi huishia: wizi mdogo, ugomvi, talaka, malezi ya watoto. Ghorofa inayofuata ni Mahakama Kuu. Wanaokaa huko ni majaji, si mahakimu. Ukimwita jaji "hakimu" hatakufunga, ila hatakusahau. Anapokea mashauri mazito, na pia rufaa za watu ambao hawakuridhika kule chini. Juu kabisa ni Mahakama ya Rufani. Majaji wa huko hawaketi mmoja mmoja, wala hawaiti mashahidi upya. Wanasoma yaliyoandikwa chini, wanauliza kama sheria ilifuatwa. Kwa hiyo shika hili: neno ambalo halikusemwa chini, juu halipo. Watu wengi hukata tamaa chini wakidhani watajieleza vizuri juu. Juu hakuna kujieleza, kuna kusomwa.

Na mlango wa mahakama si ule mkubwa wenye nguzo. Mlango ni dirisha la masijala, ambako karani anapokea hati, anazigonga muhuri na kuzipa namba. Kisichopita dirishani, hakimu hajakiona.

Watu wa sheria nao si kitu kimoja. Kuna mawakili wa serikali, kuna wa kujitegemea wenye ofisi zao, kuna wanaoteuliwa kuwa mahakimu na baadaye labda majaji, na kuna wasajili, ambao hupanga kesi ziende kwa nani na lini. Ukitaka uwakili unasoma chuo kikuu kwanza. Kisha unakwenda shule ya sheria kwa vitendo, ambako unafundishwa kuandika hati, kumhoji shahidi bila kumgombeza, kutunza siri ya mteja, hata namna ya kukaa na kusimama hakimu anapoingia. Kisha mitihani yake. Kisha unakaa chini ya wakili mkongwe unajifunza, halafu unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina linaingia kwenye daftari la mawakili. Kama jina halimo, hata ujue sheria zote kwa moyo, wewe ni raia tu mwenye maneno mengi. Na ukishaingia, chama cha mawakili kinakutazama. Ukila fedha za mteja au ukiidanganya mahakama, joho linavuliwa.

Kuhusu Njegere: nimeandika majibu ya lile ombi, nimeyafunga humu. Mama aweke sahihi yake, apeleke masijala. Mengine tutaona.

Mwambie Baba asishone suti ya mahakamani.

Dada yako


3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Njegere anakusalimia, anauliza kama mahakamani kuna ndoo ya kukalia. Baba ameshona suti.

Tulikwenda masijala mimi na Mama. Ni kibaraza kirefu chenye mabenchi, na dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo karani mwenye miwani iliyofungwa kamba. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa anajifunza maneno yake kimoyomoyo, midomo inacheza. Zamu yetu ilipofika, karani akasoma hati yako yote, akafika chini, akainua miwani.

"Imeandaliwa na nani?"

"Binti yangu," Mama akasema, akiwa amenyoosha mgongo. "Ni wakili."

"Hongera. Jina lake liko wapi?"

Tukatazama. Pale chini umeandika "Imeandaliwa na", ukaweka nukta mbili, basi. Karatasi imebaki nyeupe.

"Kila hati ina mwenyewe, mama," karani akasema. "Ikiwa na uongo ndani, tumtafute nani? Hati isiyo na mwenyewe ni yatima. Mimi sipokei yatima."

Nyuma yetu mtu akacheka. Mama hakucheka. Yatima ndiye aliyetupeleka pale.

Baba anasema umesahau. "Wakili ana kesi mia, mnadhani atakumbuka nukta?" Labda ni hivyo.

Lakini Dada, mimi nimeisoma barua yako mara nyingi, unavyojua nilivyo. Lifti iliyokufa umeipa mistari mitatu. Kukaa na kusimama hakimu anapoingia umekueleza. Ulipofika kwenye mitihani ukaandika maneno matatu tu ukapita, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Na hakuna mahali ulipoandika "sisi mawakili". Umeandika "unasoma", "unakaa", "unaapishwa".

Sikuulizi kitu. Hati nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Ijaze jina, uitume. Hakimu hatasubiri.

Mdogo wako


11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua hujaleta. Mama alipata homa kidogo, amepona. Sare amemaliza.

Kesi ilitajwa jana. Chumba ni kidogo kuliko darasa letu, feni ipo lakini haizunguki. Hakimu ni mwanamke, anaandika kila kitu kwa mkono wake, na huwa hamtazami mtu mpaka amalize sentensi. Dereva wa lori hakuwa na wakili. Alikuwa amekumbatia faili lake kifuani kwa mikono miwili. Njegere akamchungulia kutoka nyuma ya Mama, akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye mwenye lori?" Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akafuta macho.

"Mdaiwa, majibu yako sijayaona," hakimu akasema.

Baba akasimama na suti yake. "Mheshimiwa, wakili wetu yuko njiani."

"Njia hiyo haina mwisho? Nimetoa muda wa kutosha."

"Ni binti yangu, mheshimiwa. Ana kazi nyingi."

"Na mimi pia, mzee." Akaandika. Kisha akasema anatupa nafasi moja tu. Tukirudi mikono mitupu mwezi wa sita atasikiliza upande mmoja na kuamua.

Nyumbani Mama akasema, "Mimi nina mdomo. Nitasema mwenyewe." Baba akapandisha: "Mke wangu asimame peke yake kama hana watu? Nimesomesha wakili ili iweje?" Basi, tumekwama hapo. Mama hataki kumvunjia heshima Baba, Baba hataki kukuvunjia heshima wewe, na Njegere amelala katikati yao.

Dada, jibu. Hata kama jibu lenyewe ni baya.

Mdogo wako


25 Aprili

Kobe wangu,

Hamjambo? Mama apumzike, amefika umri wa kusikia homa. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako ya Machi niliifungua. Ya Aprili ilikaa mezani, nikaifunika na kitabu, leo nimeifungua.

Mimi si wakili. Nilifeli mtihani wa shule ya sheria. Nikarudia, nikafeli tena somo lile lile, la kuandika hati. Ninachofanya hapa ofisini ni kubeba nyaraka za mawakili kuzipeleka mahakamani, kusubiri muhuri na kurudi nazo. Madirisha yote ya masijala ya mji huu nayajua, na makarani, kwa jinsi ninavyoshinda kwao, wananiita kwa utani "mke mwenza". Ndani ya mahakama nakaa benchi la nyuma. Wakati ule matokeo yalipotoka Baba alinipigia kutoka kinyozini, na kabla sijafungua mdomo nikasikia wateja wanapiga makofi: wakili wetu, wakili wetu! Nikanyamaza. Kunyamaza kukawa ndiyo.

Hati niliandika mwenyewe. Kufika chini, kalamu ikagoma. Nikijiandika wakili ni kosa la jinai, na siku ikijulikana hati inatupwa, na Njegere anaondoka kwa sababu yangu. Nikafikiria kuandika jina la bosi. Muhuri wake nilikuwa nao mkononi, Kobe. Nilishaulowesha wino. Nikaufuta, nikaurudisha kwenye droo. Nikaacha pengo, nikijidanganya kwamba huko kwenu labda hawaangalii.

Cha kufanya ni hiki. Mama hahitaji wakili, sheria inamruhusu mtu kujisemea. Achaneni na hati yangu. Yeye aseme, wewe uandike, yawe maneno yake. Pale chini iandikwe "Imeandaliwa na: mdaiwa mwenyewe". Mkikwama, chama cha mawakili kina ofisi ya msaada kwa wasio na uwezo wa kulipa. Nendeni na maswali, si na machozi. Machozi wanayo ya kutosha.

Nina ombi moja. Usimwambie Baba. Sema nimebanwa na kesi kubwa. Nitarudia mtihani mwezi wa kumi na moja, na nikifaulu hakuna atakayejua.

Dada yako


4 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Njegere ameng'oka jino, amelizika kwenye kopo la maua na kulimwagilia maji.

Sijakasirika. Nililia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshakuvisha joho kichwani mwangu na ilibidi nikuvue.

Nimejaribu kufanya ulivyosema bila kumwambia Baba. Nilimwambia Mama tuandike wenyewe, akakubali, tukaanza. Baba akarudi akaona karatasi. "Hii ya mkono? Hakimu akijua nina binti wakili, halafu tunaleta karatasi ya mkono, si tumemtukana mtoto wetu?" Akaikunja vizuri akaiweka mfukoni. Hakuichana, unamjua, hawezi. Lakini haikutoka tena.

Dada, siri yako imeketi mlangoni na sisi hatuwezi kupita.

Uliniambia neno lisilosemwa chini, juu halipo. Kama Mama hatasema mwezi wa sita, hakuna jaji wa ghorofa yoyote atakayemsoma. Kwa hiyo sitamwambia Baba kwamba umebanwa na kesi kubwa. Nimefikiri siku nyingi, nimeandika na kufuta, na nimerudi palepale. Mama anataka niwe shahidi wake, nami siwezi kwenda kuapa mahakamani kusema kweli huku nikiwa nimetoka nyumbani na uongo, hata kama ni wa kukusaidia wewe.

Mwandikie Baba wewe mwenyewe. Ni afadhali aisikie kwako. Lakini kama mwezi huu utakwisha na barua yako haijafika, nitamwambia mimi, wateja wawepo wasiwepo. Nakupenda sana. Na katika hili sirudi nyuma.

Mdogo wako


16 Mei

Kobe,

Salamu kwa wote. Umeniandikia kama hakimu, hata nikasimama kuisoma.

Barua ya Baba nimeiposti leo pamoja na hii. Sikujipamba. Usiwe mbali naye akiisoma.

Ukiitwa kutoa ushahidi, sema ulichoona, si ulichosikia. Usichojua, sema sijui. Usimtazame Mama, utalia. Tazama kalamu ya hakimu. Ikienda, nyamaza, ikisimama, endelea. Hayo sikuyasoma darasani, niliyaona kwenye benchi la nyuma.

Dada yako


20 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima, na nina mengi, kwa hiyo kaa.

Barua ya Baba ilifika kinyozini. Nilikuwepo, nafagia nywele. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Mzee Kipara alikuwa anasubiri zamu. Baba akaifungua huku mashine inanguruma mkononi, akasoma, akaizima.

"Vipi, umeme?" mwalimu akauliza.

"Umeme upo."

"Habari mbaya?" Mzee Kipara akauliza.

"Habari za kweli," Baba akasema. Akakaa kwenye kiti cha wateja, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akakaa sana. Nikaona nimwendee, lakini akainua mkono kwamba nimwache. Kisha akawaambia wote waliokuwemo, "Binti yangu si wakili. Bado."

Mzee Kipara akasafisha koo. "Na mimi sina nywele, na hujawahi kunifukuza."

Baba akacheka, Dada. Alicheka huku anajifuta uso kwa taulo la wateja. Kisha akainuka kummalizia mwalimu, ambaye alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba ana kipindi saa nne. Jioni akatoa ile karatasi mfukoni akampa Mama. "Sema, mtoto aandike." Ameniagiza nikwambie hivi, neno kwa neno: "Arudie mtihani. Akifaulu aje, akifeli aje. Lakini simu yangu apokee."

Mama alisema huku anashona, nami nikaandika. Alianza na "tunampenda sana", nikamwambia hakimu anasikia hilo kila siku. Basi akasema nani aliyemkimbiza Njegere hospitali kifua kilipobana, na kwamba analala upande wa ukutani tu, na kwamba akisikia radi anaingia chini ya cherehani, na Mama hushona hata kama hana kazi ili asikie mguu wake unakanyaga. Nikaandika pia kwamba mjomba alikuwa akituma nguo kila alipopata mtu wa kumpa.

"Hilo la nini?" Mama akauliza. "Unamsaidia?"

"Ni kweli, Mama."

Akashona mstari mzima. "Andika."

Karani akasoma mpaka chini, akaona "mdaiwa mwenyewe", akagonga muhuri bila kuinua miwani.

Siku ya kesi Njegere alibaki nje na Mzee Kipara, na Mama alizungumza akiwa ameshika ukingo wa meza. Hakuyumba. Dereva wa lori naye akasimama. "Sina ubaya na mama huyu," akasema. "Amefanya ambalo mimi sikufanya. Lakini dada yangu alikuwa mmoja tu. Huyu mtoto ana kicheko chake. Nikimsikia, namsikia yeye." Hakimu aliandika hayo yote, na chumba kizima kikasubiri.

Kisha nikaitwa. Nikaapa. Sauti haikutoka.

"Binti," hakimu akasema, "hata karani wangu hajakusikia. Anza upya."

Nikatazama kalamu. Nikaanza upya, nikasema niliyoyaona. Ikienda nikanyamaza, ikisimama nikaendelea. Mahali fulani katikati nikagundua kwamba watu wa benchi la nyuma wananisikia.

Dereva akaruhusiwa kuniuliza. Akauliza swali moja. "Mmeshamwambia habari za mama yake?"

Nilijua kuna majibu mawili, na kwamba moja linatuumiza. Nikasema, "Hapana. Hajui kama alikuwepo. Anajua Mama tu."

Nyuma yangu nikasikia pumzi ya Mama. Hakimu akaandika hilo pia, tena kwa muda mrefu kuliko mengine.

Hukumu imesomwa leo. Njegere anabaki kwa Mama. Mjomba wake atamtembelea, na likizo za shule atakwenda kwake. Na aambiwe habari za mama yake mzazi, tena aliyemjua tangu utotoni ndiye amwambie, yaani mjomba, Mama akiwepo. Hakimu akasema asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa ndani ya muda wa sheria. Tukasimama, akatoka.

Nje, Baba alimpokea Njegere kwa Mzee Kipara, akambeba mabegani na suti yake yote. Mama alikuwa anacheka na kulia, hajui ashike kipi. Mimi nikamwona dereva wa lori kwenye benchi la kibarazani, faili liko magotini. Akamuuliza askari wa mlangoni, "Rufaa inakatwa wapi?"

"Muulize wakili wako."

"Sina."

"Basi," askari akasema, akageukia watu wengine.

Mama akanivuta mkono. "Twende nyumbani."

Dada, nilisimama pale. Nilijua kila alichokuwa anauliza, kwa sababu uliniandikia. Nikikaa kimya, muda unapita wenyewe, na hakuna atakayesema nimefanya kosa. Njegere alikuwa ananipungia mkono kutoka mabegani mwa Baba.

Nikamwambia Mama, "Tangulieni, nakuja."

Nikakaa kwenye benchi kando ya dereva. Nikamwambia rufaa ya kesi hii inakwenda Mahakama Kuu, na kwamba huko hawatamsikiliza upya, watasoma, kwa hiyo aandike sababu zake moja moja, wapi anaona hakimu alikosea. Nikamwambia hahitaji wakili, lakini akitaka ipo ofisi ya msaada, aende na maswali. Nikamwambia pale chini lazima ijulikane nani ameiandaa.

Akanitazama. "Kwa nini unaniambia haya?"

"Kwa sababu umeuliza."

Akaliweka faili benchini. Kisha akasema hajui kama atakata rufaa au la, alitaka tu kujua kama mlango upo. Nikasema upo. Akaniuliza Njegere anapenda rangi gani, nikamwambia.

Halafu nikaenda dirishani, nikapanga foleni, na zamu yangu ilipofika nikamwomba karani nakala mbili za hukumu, moja ya Mama na moja yake.

Mdogo wako